Sarufi ya Mjomba

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Nesi aliifungua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akasema, "Hii ndiyo fomu ya ukoo, kaka. Kila mtoto anayetibiwa hapa anayo ya kwake." Ilikuwa mwaka 2011, katika kliniki moja ya pwani ya Tanzania, na ugonjwa uliotukutanisha ulikuwa himofilia, yaani damu kukataa kuganda. Fomu ilitungwa kwa Kiingereza, halafu mtu akaitafsiri mbiombio. Palipokuwa na nafasi ya ndugu wa kiume wa mzazi, tafsiri ilisema "anko".

Nilikulia Pangani kwa bibi mzaa mama, na nyumbani kwake neno hilo halikuwepo. Kulikuwa na mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Kulikuwa na ami, ndugu wa kiume wa baba. Akiwa mkubwa kwa baba basi huyo ni baba mkubwa, akiwa mdogo ni baba mdogo. Siku moja, nikiwa na miaka saba hivi, nilimpokea kaka yake mama mlangoni nikamwita baba mdogo, kwa heshima zote. Bibi aliacha kusuka ukili wake, akanitoa nje, akaniambia niingie upya na nimwamkie kama anavyostahili. "Huyo ni mjomba," alisema. "Njia ya kumfikia inapita kwa mama yako. Ukikosea njia, umekosea mtu."

Himofilia nayo inafuata njia hiyohiyo. Hitilafu yake iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo anaweza kuibeba maisha yake yote bila kuugua sana. Mwanamume ana moja tu, na akiirithi huugua. Mtoto wa kiume huipata X yake kwa mama. Mjomba aliyekuwa akivuja damu ni habari nzito kwa mtoto mchanga wa kiume. Ami aliyekuwa akivuja damu si habari ya mtoto huyo, kwa kuwa baba hampi mwanawe wa kiume X yoyote. Fomu yetu ilikuwa imewatia wote wawili katika kisanduku kimoja, na fomu za kisanduku hicho zilijaa kabati zima.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuyaandika mahusiano hayo kwa lugha ambayo kompyuta yetu ingeisoma, na kompyuta ya wenzetu wa ng'ambo waliokuwa wakikusanya habari za ugonjwa uleule ingeisoma vilevile, bila mtu kukaa katikati akitafsiri. Lugha za namna hiyo huitwa lugha za ontolojia. Ziliundwa kwa ajili ya ndoto ambayo Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila waliieleza mwaka 2001 katika jarida la Scientific American: wavuti wa maana, ambamo kurasa zingebeba, pamoja na maandishi ya kusomwa na watu, maelezo ambayo mashine zingeweza kuyaunganisha na kuyatolea hitimisho. Msingi wake ni RDF, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 1999, ambayo kila kauli yake ina sehemu tatu tu. Mwalimu yeyote wa Kiswahili angezitambua: kiima, kiarifu, yambwa. Juu ya msingi huo Wamarekani walijenga lugha iliyoitwa DAML, watafiti wa Ulaya wakajenga OIL, mbili hizo zikaunganishwa, na kutoka hapo ikazaliwa OWL, iliyopitishwa Februari 10, 2004. Jina hilo kwa Kiingereza ni bundi. Nilipomweleza bibi, aliniomba nisimtaje ndege huyo usiku ndani ya nyumba yake, nami sikumtaja.

Nyaraka za OWL nilizichapisha zikajaza majalada mawili. Wiki ya kwanza niliziruka zile za sintaksia. Niliona sintaksia ni mambo ya nukta na mabano, kazi ya mtu anayetengeneza programu ya kusoma faili, na kwamba mimi niliyetaka kusema jambo la kweli kuhusu watoto hawa nilipaswa kwenda moja kwa moja kwenye maana. Ilinichukua miezi kadhaa kujua kwamba nusu ya maana niliyoitafuta ilikuwa imefungiwa mle nilimoruka.

Nilipolifungua hatimaye jalada la sintaksia, nilikuta kitu nilichokifahamu tangu sekondari. Kila aliyesoma Kiswahili kidato cha tatu amewahi kuchora matawi: S, yaani sentensi, juu, chini yake KN na KT, yaani kundi nomino na kundi tenzi, chini ya KN nomino na kivumishi, na kuendelea hadi maneno yenyewe. Sarufi ya lugha ya kompyuta huandikwa kwa moyo uleule. Kila kanuni ina upande wa kushoto, ambao ni jina la kitu kinachoelezwa, na upande wa kulia, ambao ni vitu vinavyokiunda kwa mpangilio wake. Mtindo huo aliuwasilisha John Backus mjini Paris mwaka 1959, katika mkutano wa UNESCO. Peter Naur akaunyoosha na kuutumia kueleza lugha ya ALGOL 60. Ndiyo maana unaitwa BNF, herufi mbili za kwanza zikiwa za majina yao. Uzuri wake ni kwamba hauachi nafasi ya mabishano. Ukinipa sentensi, nikiwa na kanuni mkononi, naweza kusema ni sentensi ya lugha hiyo au si sentensi, kabla sijajua inahusu nini.

Sarufi ya OWL ya 2004 ilikuwa fupi, ya kurasa chache, na niliipenda. Lakini ilikuwa na ufa, na ufa huo ulitugharimu mwezi mzima.

Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wakitumia programu ya miaka ya nyuma, wakatuletea faili iliyoandikwa kwa RDF. Ndani yake mlikuwa na uhusiano uitwao anaMama. Sisi tuliuelewa kama uhusiano kati ya mtu na mtu: kwa mfano, mtoto wetu mmoja, Yusufu, ana mama, na mama huyo ni Mwanaisha, mtu kamili mwenye ndugu zake na ugonjwa wake. Kumbe katika jedwali lao la awali, mahali pa mama palijazwa maandishi tu, kama vile herufi tisa za jina "Mwanaisha", ambazo hazina kaka wala hazirithi kitu. Yote mawili yaliitwa anaMama. Mstari uliopaswa kutangaza aina ya uhusiano ulikuwa umepotea faili ilipokatwa ili iweze kutumwa. Programu yetu ikasoma kila kitu bila kulalamika na kuamua yenyewe, na iliamua vibaya. Watoto wote wa faili ile walionekana hawana mama.

Nikarudi kwenye sarufi kutafuta kosa ni la nani. Katika sarufi ya 2004, kauli ya kusema "ana mama ambaye ni wa kundi fulani" iliandikwa kwa neno restriction, na kauli ya kusema "ana umri ambao ni namba fulani" iliandikwa kwa neno hilohilo. Kanuni zilikuwa mbili, moja ya mahusiano yanayoelekea kwa vitu na nyingine ya yale yanayoelekea kwa thamani kama namba na maandishi, lakini maandishi ziliyoyazaa yalifanana kama mapacha. Ili ujue umeshika pacha gani, ulitakiwa uwe unajua tayari jina lililo ndani ni la aina gani. Sentensi yenyewe haikukuambia.

Toleo la pili la lugha, OWL 2, lilikuwa limepitishwa Oktoba 27, 2009. Waraka wake wa sintaksia ulihaririwa na Boris Motik, Peter Patel-Schneider na Bijan Parsia, na huyo Patel-Schneider ndiye aliyekuwa pia miongoni mwa wahariri wa waraka wa 2004. Nilipousoma nikaona walichofanya. Neno moja lilikuwa limekuwa maneno mawili: ObjectSomeValuesFrom kwa mahusiano ya vitu, DataSomeValuesFrom kwa yale ya thamani. Kauli zinazotaja mahusiano karibu zote zilipewa kiambishi namna hiyo.

Niliweka waraka mezani nikatoka nje kutembea, kwa furaha. Hilo lilikuwa jambo ambalo lugha yangu inalifanya tangu enzi na enzi. Mti umeanguka. Mtu ameanguka. Hata ukilisikia neno la pili peke yake, katikati ya kelele za stendi ya mabasi, u- na a- zinakuambia ni kitu cha ngeli gani kilichoanguka. Anayesema anabeba mzigo wa kuonyesha aina, ili anayesikia asilazimike kubuni. Wahariri wale, kwa sababu zao wenyewe za kimantiki na wakiwa mbali kabisa na pwani yetu, walikuwa wamefika kwenye upatanisho wa ngeli. Na mimi niliyezaliwa ndani yake nilikuwa nimeona miezi yote ile kwamba mambo ya viambishi ni madogo.

Waraka huo una jambo jingine ambalo bado naliona kubwa kuliko yote waliyofanya. Kabla ya kutoa kanuni za BNF, unachora. Kuna visanduku na mistari, kwa mtindo wa michoro ya UML ambayo wanaprogramu huitumia, kuonyesha kwamba tamko la "kundi hili limo ndani ya kundi lile" ni kitu chenye sehemu mbili, kundi dogo na kundi kubwa, kila moja mahali pake. Michoro hiyo haisemi lolote kuhusu mabano. Inaeleza umbo la kauli jinsi lilivyo kabla halijaandikwa. Kisha ndipo zinakuja namna za kuliandika: ya mabano, ya XML, ya RDF, na ile ya Manchester inayosomeka karibu kama lugha ya watu. Umbo ni moja, mavazi ni mengi. Na kwa kuwa umbo limeelezwa peke yake, waraka unaweza kusema wazi ni tofauti zipi ni za mavazi tu. Ukitaja muungano wa makundi mawili, haijalishi umeanza na lipi, na ukilitaja kundi moja mara mbili hesabu haibadiliki. Bila michoro ile, mtu mmoja angedhani mpangilio una maana na mwingine angedhani hauna, na kila mmoja angekuwa na faili za kumtetea.

Vazi la RDF ndilo linaloficha umbo kuliko yote. Chukua kauli moja tuliyoihitaji: kila mtoto wa kundi la hatari ana mama ambaye ni mbebaji. Kwa mabano ni mstari mmoja. Kwa RDF inapasuka kuwa kauli nne za sehemu tatutatu: kundi la hatari limo ndani ya kitu fulani kisicho na jina, kitu hicho ni kizuizi, kizuizi hicho kinahusu anaMama, kizuizi hicho kinadai mbebaji. Kauli hizo nne zinaweza kutawanyika popote kwenye faili, kwa mpangilio wowote, na RDF haioni ubaya. Ikipotea moja njiani, tatu zinazobaki bado ni RDF halali kabisa, ila kauli ya mama mbebaji haipo tena. Nilikuwa nikizitazama faili hizo usiku, nikaelewa kwa nini kuandika kichanganuzi cha kuzikusanya tena kulikuwa kazi ya watu wazima. Unaokota ushanga uliomwagika sakafuni na unatakiwa ujue ulikuwa mkufu gani.

Sasa nije kwa mjomba mwenyewe.

OWL ya 2004 haikuweza kumtaja. Iliweza kutaja mama, iliweza kutaja kaka, iliweza hata kueleza kundi la watu ambao mama zao wana kaka. Lakini kusema kwamba kaka wa mama yangu, mtu yule mwenyewe kwa jina lake, ndiye mjomba wangu, hapakuwa na sentensi ya kulisemea hilo. Huo ulikuwa upungufu uliojulikana sana miongoni mwa watu wa fani, nao kwa Kiingereza waliutolea mfano wa neno lilelile lililokuwa kwenye fomu yetu. OWL 2 ikaleta mnyororo wa mahusiano. Niliuandika hivi:

SubObjectPropertyOf( ObjectPropertyChain( :anaMama :anaKaka ) :anaMjomba )

Yaani: ukianza kwa mtu ukapita kwa mama yake, halafu kwa kaka wa huyo mama, umefika kwa mjomba wake. Na hapa, tofauti na muungano wa makundi, mpangilio ni sehemu ya umbo. Ukianza na kaka halafu mama, umefika kwa mama wa kaka yako, mtu mwingine kabisa. Njia ya kumfikia inapita kwa mama yako. Nilimpigia simu bibi jioni ile nikamwambia kompyuta imekubali maneno yake. Akaniuliza kama nimeweka na shangazi. Nikaweka na shangazi.

Kisha madaktari wakaleta ombi. Walitaka makundi mawili ya watoto wachanga wa kiume. La kwanza ni wale wenye mjomba mmoja mgonjwa, hao wapimwe. La pili ni wenye wajomba wagonjwa wawili au zaidi. Hao watangulie mbele ya foleni, na familia zao ziarifiwe mara moja kwamba mtoto asipelekwe tohara kabla ya majibu ya damu. Sababu yao ilikuwa hii. Mgonjwa mmoja katika familia anaweza kuwa amepata hitilafu mpya, iliyoanza kwake. Wakiwapo wana wawili wagonjwa wa mama mmoja, ni karibu hakika kwamba mama huyo alibeba. Basi binti yake ana nafasi nusu ya kubeba, na mtoto wa kiume wa binti huyo ana nafasi robo ya kuugua. Robo ni kubwa mno kuisubiri kwenye wembe wa ngariba.

Nikaandika kundi la pili kama nilivyosikia: mtu aliye na angalau wajomba wawili wagonjwa. Nikalipitisha kwenye sarufi, kanuni kwa kanuni. Kila mstari ulikuwa sahihi. Nikaipa injini ya mantiki, ile programu inayosoma ontolojia na kutoa hitimisho, nayo ikaikataa faili yote.

Nilidhani ni hitilafu ya programu. Nikajaribu nyingine, nayo ikakataa. Nikaurudia waraka wa sintaksia, safari hii nikausoma hadi mwisho, na katika sehemu ya 11 nikakuta sheria ambazo hazimo katika BNF yoyote. BNF inatazama sentensi moja moja. Haikumbuki ulichosema ukurasa wa tatu. Sheria za sehemu hiyo zinatazama waraka wote kwa pamoja. Mojawapo inasema kwamba uhusiano uliojengwa kwa mnyororo hauruhusiwi kuhesabiwa. Ukishasema mahali popote kwamba mjomba ni mama halafu kaka, huwezi kusema mahali pengine "angalau wajomba wawili". Kila moja ya kauli hizo mbili ni halali peke yake. Zikikaa faili moja, faili haimo tena katika OWL 2 DL, ile sehemu ya lugha ambayo injini zinaweza kuijibia.

Usiku ule nilikasirika. Niliona sheria imetungwa na watu wasiomjua mtoto yeyote anayengoja tohara. Siku zilizofuata nikajisomea sababu. Kazi ya msingi ilikuwa ya mwaka 1999, ya Ian Horrocks, Ulrike Sattler na Stephan Tobies: walithibitisha kwamba ukiruhusu hesabu juu ya mahusiano yanayojirefusha yenyewe, unapata lugha ambayo hakuna programu, ya leo wala ya kesho, itakayoweza kukuhakikishia jibu kwa kila swali. Ingeweza kuzunguka milele bila kusema ndiyo wala hapana. Walioandika sehemu ya 11 walikuwa wamechora mpaka ili kila anayeuliza ajibiwe. Daktari aliye na mtoto mezani anahitaji lugha ya namna hiyo hasa. Nilikuwa nimeikasirikia sheria iliyokuwa upande wangu.

Ilibaki kulisema jambo lilelile kwa njia nyingine. Nilikaa nalo siku mbili, nikichora matawi kwenye karatasi kama kidato cha tatu. Jibu lilikuja kwa nesi, bila kujua kwamba alikuwa akijibu. Alikuwa akimweleza mama mmoja dirishani: "Swali letu ni hili, mama. Wewe una kaka wangapi waliokuwa na tatizo hili?" Hakumuuliza kuhusu wajomba wa mtoto. Aliuliza kuhusu kaka za mama. Nikaandika: mtu aliye na mama ambaye ana angalau kaka wawili wagonjwa. Hesabu sasa ilikaa juu ya anaKaka, uhusiano wa moja kwa moja usio na mnyororo, na hapo inaruhusiwa. Injini ikasoma, ikanyamaza kidogo, ikatoa orodha.

Orodha ilikuwa fupi kuliko walivyotarajia madaktari. Sehemu ya sababu niliijua. OWL haichukulii kwamba majina mawili ni watu wawili. Mpaka uiambie kwa tamko kwamba huyu si yule, inaacha wazi uwezekano kwamba ni mtu mmoja mwenye majina mawili, na kwa hiyo haitahesabu wawili. Wengine huona hilo ni udhia. Kwetu pwani, ambako mtu ana jina la kitabuni, jina la nyumbani na jina la utani, na shuleni akaandikishwa kwa la nne, niliona ni busara. Tulipitia fomu moja baada ya nyingine na kuandika matamko ya utofauti palipostahili.

Ndipo tukafika kwenye fomu ya Yusufu, ile iliyokunjwa mara nne. Majina nimeyabadilisha, mpangilio wake nimeuacha ulivyokuwa. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Penye "anko wenye tatizo la damu" palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya bluu: Hamisi Kombo. Mimi ndiye niliyeingiza fomu ile kwenye kompyuta, na niliingiza kaka mmoja wa mama, jina lake Hamisi, jina la baba yake Kombo, kama mtu yeyote wa huku angelisoma. Mgonjwa mmoja. Yusufu alikuwa kundi la kwanza.

Lakini jina la mama juu ya fomu lilikuwa Mwanaisha Juma. Nililitazama muda mrefu. Kama kaka yake ni mtoto wa Kombo, basi wamechangia mama tu, na hilo linawezekana na halibadilishi kitu kuhusu X. Au karatasi ilikuwa na kosa la sintaksia: kulikuwa na alama iliyopaswa kuwa pale katikati, nayo haikuwepo. Maneno mawili yamekaa pamoja, na hakuna kiambishi, hakuna mabano, hakuna mkato wa kusema kama ni jina moja lenye sehemu mbili au orodha ya majina mawili. Kwa miaka yote niliyofanya kazi na faili, sijawahi kuona sentensi yenye maumbo mawili iliyonitisha vile.

Nesi alipiga simu mbele yangu, akaweka sauti ya nje. "Mama Yusufu, habari za nyumbani? ... Nzuri, tunamshukuru Mungu. Samahani kwa usumbufu. Hapa kwenye fomu tuliandika Hamisi Kombo. Huyu Hamisi ni kaka yako wa baba mwingine?"

Kimya kidogo. Mtoto alisikika kwa mbali.

"Hapana, sista. Hamisi na Kombo. Ni kaka zangu wawili. Hamisi mnamjua, ndiye anayekuja hapo kutibiwa. Kombo hamkumwona. Kombo hakurudi kutoka jandoni."

Nesi akamuuliza Yusufu atapelekwa tohara lini. Akasema wameshapanga, Ijumaa ya wiki inayofuata. Nesi akamwomba asimpeleke, amlete kliniki kesho asubuhi, na akarudia mara mbili saa ya kuja.

Nilifungua faili. Nikafuta jina la baba nililompa Hamisi bila kuuliza. Nikamtangaza Kombo kwa mstari wake, mtu, kaka wa Mwanaisha, mgonjwa. Chini yake nikaandika DifferentIndividuals( :Hamisi :Kombo ), nafasi kati ya jina na jina, mabano pande zote mbili, nikaiendesha injini upya na kusubiri orodha.